Kozi fupi za watu wazima: tazama somo kwanza, chuo baadaye

Mtu mzima akiamua kurudi kusoma kwa hiari yake, swali la kwanza huwa ni chuo gani. Oxford au Harvard? Coursera au Chuo Kikuu Huria? Mimi humrudisha nyuma kidogo: unataka kusoma nini? Anayetaka aljebra na anayetaka falsafa hawafai kupita mlango mmoja, hata wakiwa na fedha sawa na nafasi sawa. Majina ya vyuo yanavutia, lakini kwa mtu anayesoma usiku baada ya kazi, watoto wakiwa wamelala, jambo linaloamua kama atafika mwisho ni hili: yuko nani wa kuipokea kazi yake, kuisoma na kumwonyesha alipokosea?

Kwa kipimo hicho nalinganisha njia tatu. Ya kwanza ni kozi za kujisomea mtandaoni, za bure au karibu na bure, kama zile za Coursera, edX na OpenLearn. Ya pili ni kozi za mtandaoni zenye mkufunzi na darasa dogo, na hapo naitumia Oxford kama mfano kwa sababu utaratibu wake uko wazi. Ya tatu ni darasa la kukaa pamoja, liwe London, Berlin au Unguja. Nazungumzia insia, yaani historia, falsafa, fasihi, sanaa na dini, pamoja na sayansi. Kozi za usimamizi wa miradi na uhasibu zina soko lake, sizigusi.

Za bure: nafasi kwa wote, upweke kwa wengi

Coursera na edX zote zilizaliwa 2012. Ya kwanza ilianzishwa na maprofesa wawili wa Stanford, Andrew Ng na Daphne Koller. Ya pili ilianzishwa na Harvard pamoja na MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Kabla yao, mwaka 2001, MIT ilitangaza kuwa itaweka mtandaoni vifaa vya masomo yake bila malipo, na mwaka 2006 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kikafungua OpenLearn. Kwa mtu aliyeko Songea au Bujumbura hii ni neema kubwa. Wazazi wetu waliokuwa na kiu hiyohiyo walitegemea rafu chache za maktaba ya mkoa.

Lakini tazama hesabu za mwanzo kabisa. Katika mwaka wa kwanza wa kozi za Harvard na MIT kwenye edX, 2012 hadi 2013, kulikuwa na maandikisho 841,687. Vyeti vilivyopatikana ni 43,196, takribani vitano kwa kila maandikisho mia. Wengi walijiandikisha ili kuchungulia tu, na kuchungulia si dhambi. Wapo pia waliodhamiria kweli, wakakwama mahali ambapo mkufunzi angewanasua kwa sentensi mbili, na hapakuwa na mkufunzi.

Kuna mambo ya kujua kabla ya kubonyeza kitufe cha kujiunga. Kwenye edX, anayesoma bure hupewa muda maalumu, muda ukiisha kozi hufungwa, na mara nyingi mitihani yenye alama huwa ya waliolipia. Coursera hutoa msaada wa ada kwa anayeandika maombi na kueleza hali yake. Majibu huchukua kama wiki mbili, kwa hiyo omba mapema, usisubiri siku ya kuanza. OpenLearn haina masharti hayo. Sehemu kubwa ya kozi zake ni maandishi unayoweza kupakua na kuyasoma kwenye simu bila intaneti, na ukimaliza unapata hati ya ushiriki bila kulipa. Kwa anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ni kubwa. Saa moja ya video hula mamia ya megabaiti. Sura nzima ya maandishi haifiki hata megabaiti chache. Programu ya Coursera ya kwenye simu nayo hukuruhusu kupakua video ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini na kuzitazama nyumbani. Tumia nafasi hiyo.

Sayansi: hapa bure inatosha, kwa sharti moja

Kwa hisabati, takwimu, fizikia ya msingi na uandishi wa programu za kompyuta, sioni sababu ya mtu kutoa fedha nyingi mwanzoni. Masomo hayo yana jibu linaloweza kupimwa na mashine. Ukiandika mstari wa programu wenye kosa, kompyuta inakuambia papo hapo. Ukikosea kinyume cha matriki, yaani jedwali la namba, unalinganisha na jibu na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uone ulipoteleza. Mihadhara ya aljebra ya mstari (linear algebra) ya Gilbert Strang wa MIT iko mtandaoni pamoja na mazoezi na majibu yake. Strang aliifundisha kwa miongo mingi mpaka alipostaafu 2023, na ufafanuzi wake una upole ambao madarasa mengi ya shule zetu hayakuwa nao. CS50 ya Harvard, kozi ya sayansi ya kompyuta ya David Malan, husahihisha kazi zako kwa mashine na hutoa cheti cha bure kwa anayemaliza kazi zote.

Sharti lenyewe ni kwamba uyafanye mazoezi kwa kalamu. Wanaotazama video mfululizo bila kuandika chochote hupata hisia ya kuelewa, na hisia hiyo hupotea mara tu ukurasa mtupu unapowekwa mbele yao. Ukitenga saa nne kwa wiki, moja iwe ya video na tatu za mazoezi.

Lugha pia hupungua uzito upande huu. Kozi hizi karibu zote ni za Kiingereza, lakini alama za hisabati hazibadiliki, na aliyemaliza kidato cha nne miaka ishirini iliyopita anaweza kufuata akiwa na kamusi pembeni. Kwenye insia hali ni nyingine, nitaieleza hivi punde.

Sayansi zinazodai macho na mikono hazimo katika sifa hizi. Botania, jiolojia, kemia ya maabara: video itakuonyesha jani, haitakufundisha kulitambua porini. Elimu ya nyota iko katikati. Kozi nyingi zimetungwa na watu wa kaskazini, zinaanza na nyota ya kaskazini ambayo kwa msomaji wa Mtwara iko chini ya upeo wa macho, na Msalaba wa Kusini unatajwa kwa kupita tu. Anayesoma kozi hizo pwani yetu aje na alichonacho. Wakulima na mabaharia wetu walishasema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua," na kozi nzuri ya nyota itamwezesha kueleza kwa nini kundi lile la nyota hupotea kwenye mwanga wa jua na kurudi baada ya wiki kadhaa. Napenda sana elimu inayomrudisha mtu kwenye anga la kwao.

Kwa anayevutiwa na wanyama, pembeni mwa kozi aongeze kazi ya kujitolea kwenye Snapshot Serengeti, mradi uliowekwa mtandaoni 2012 ambapo watu wa kawaida huwasaidia watafiti kutambua wanyama katika picha za kamera zilizofichwa Serengeti. Si kozi, lakini ukishatambua picha mia kadhaa, sura ya kitabu kuhusu ikolojia ya mbuga unaisoma kwa macho mengine.

Insia: tafuta wa kukusoma

Huku ndiko ninakokuwa mkali. Kozi ya Michael Sandel wa Harvard kuhusu haki iliwekwa edX mwaka 2013, na ni mihadhara ya hali ya juu: ukumbi umejaa, profesa anauliza, kijana anajibu, mwingine anapinga, na hoja inajengwa mbele yako. Mwaka huohuo walimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Jose huko California walimwandikia Sandel barua ya wazi wakikataa kuitumia video hiyo kwa wanafunzi wao. Hofu yao ilikuwa kwamba wanafunzi wa vyuo vyenye fedha watazungumza na profesa, na wanafunzi wa vyuo vingine watatazama wenzao wakizungumza na profesa. Naona walikuwa na haki. Falsafa unaijifunza siku hoja yako inapovunjwa na mtu aliyeisoma kwa makini, na ukalazimika kuijenga upya.

Ndiyo maana kwa historia, falsafa na fasihi naipendekeza njia ya pili kwa yeyote anayeweza kuimudu. Vyuo vya Uingereza vina uzoefu mrefu hapa. Cambridge ilianza kupeleka mihadhara kwa watu wa nje ya chuo mwaka 1873, Oxford ikafuata 1878. Walakini hatua niipendayo zaidi ilikuja 1908, pale mwanahistoria R. H. Tawney alipoanza kufundisha wafanyakazi katika miji ya Rochdale na Longton chini ya Oxford na Chama cha Elimu ya Wafanyakazi, kilichoundwa na Albert Mansbridge 1903. Darasa lilikuwa na watu wasiozidi 30 hivi. Saa moja ya mhadhara, saa moja ya mjadala, na kila baada ya wiki mbili mwanafunzi anaandika insha, mwalimu anaisoma. Walikuwa watu wa viwandani, wametoka kazini wamechoka, na waliandika.

Kozi fupi za mtandaoni za Oxford bado zina alama za utaratibu ule. Nyingi huchukua wiki 10, na unatarajiwa kutoa saa kama 10 kila wiki, jumla saa 100. Darasa ni dogo, takribani watu 30. Mkufunzi yupo kwenye jukwaa la majadiliano na hujibu. Katikati unaandika kazi fupi ya maneno kama 500, mwishoni insha ya maneno kama 1,500, nayo husomwa na kurudishwa na maoni. Maoni hayo ndiyo unayoyalipia. Hakuna kipindi cha lazima cha saa fulani, kwa hiyo mtu wa Mwanza na mtu wa Toronto wanasoma pamoja bila mmoja kukesha.

Gharama ni nzito, tuseme wazi. Ada hufika au hupita pauni 300, karibu shilingi milioni moja za Tanzania, na utahitaji kadi ya benki inayokubali malipo ya nje. Kuna na lugha: insha ya maneno 1,500 ya Kiingereza cha kitaaluma si mzaha kwa mtu ambaye kazini anaandika barua pepe tu. Ushauri wangu ni kutanguliza kozi moja ya OpenLearn ya somo lilelile, usome nayo mpaka mwisho, uandike muhtasari wa ukurasa mmoja kila wiki. Ukiweza hilo kwa miezi miwili bila kusukumwa, fedha yako haitapotea Oxford. Ukishindwa, umegundua bila hasara.

Asiye na pauni 300 hajafungiwa nje. ModPo, kozi ya ushairi wa kisasa wa Marekani inayoendeshwa na Al Filreis wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania tangu 2012, ni ya bure, na imejengwa juu ya mazungumzo: video zake ni za watu wamekaa mezani wakisoma shairi moja neno kwa neno, na kila wiki ya msimu wa kozi kuna matangazo ya moja kwa moja ambapo washiriki huuliza. Insha husomwa na wanafunzi wenzako. Ni nadra kupata kozi ya bure yenye uhai wa namna ile.

Njia nyingine ya kumpata wa kukusoma tunaijua wenyewe. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Tanzania iliongoza kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitangaza vipindi, vijitabu vilichapwa, lakini nguzo ilikuwa vikundi: watu walikusanyika, wakasikiliza pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadiliana wakiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Takribani watu milioni mbili walishiriki. Redio ile ilikuwa na upungufu uleule wa video za leo, kwamba inasema na haisikii, na waandaaji walilijua hilo tangu mwanzo. Watu watatu wanaosoma kozi moja ya bure na kukutana kila Jumamosi, kila mmoja na ukurasa wake mkononi, wameshajipatia nusu ya kile ambacho Oxford inauza. Nusu iliyobaki ni mtu anayelijua somo kuliko ninyi nyote watatu, naye hana mbadala.

Darasa la kukaa pamoja

Kwa Waswahili walioko Ulaya na Amerika, njia ya tatu mara nyingi ndiyo bora na ndiyo wanayoisahau. City Lit ya London imekuwa ikifundisha watu wazima tangu 1919, mchana na jioni, kuanzia historia hadi uchoraji na sayansi, na wenye kipato kidogo hupunguziwa ada katika kozi nyingi. Ujerumani karibu kila mji una Volkshochschule, chuo cha watu wazima kinachosaidiwa na serikali, na ada zake ni za watu wa kawaida. Chicago kuna programu iliyoanza 1946 chini ya Chuo Kikuu cha Chicago: miaka minne ya kusoma na kujadili maandiko makuu ya kale na ya karibuni, bila mtihani na bila insha. Hapo wa kukusoma hayupo, ila wapo wa kukusikiliza kwa muda mrefu, na kwa mtu anayeogopa kuandika huo ni mwanzo mzuri.

Siku hizi vyuo hivi vina madarasa ya moja kwa moja mtandaoni pia, na aliyeko nyumbani aangalie saa kabla ya kulipa. Darasa la saa moja jioni London ni saa nne usiku Dar es Salaam majira ya baridi, saa tatu majira ya joto. Hilo linavumilika. Darasa la saa moja jioni New York majira ya baridi ni saa tisa usiku kwetu, usijidanganye.

Nyumbani nafasi ni chache kuliko inavyostahili. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kina vituo mikoani na kimemzoea mwanafunzi mwenye kazi na familia. Anayetaka shahada polepole, aanzie huko bila kusitasita. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, vimeelemea ufundi. Kozi fupi ya historia au falsafa, ya jioni, ya Kiswahili, kwa mwananchi asiyetafuta cheti, ni vigumu kuipata, na jambo hilo linanisikitisha. Vyuo vyetu vina wahadhiri, vina kumbi zinazokaa tupu baada ya saa kumi na mbili, na watu wenye kiu wamejaa mitaani.

Sehemu moja ambapo nyumbani kunaishinda dunia nzima ni muziki. Chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) kimefundisha taarabu na ala za nyuzi za udi na kanuni Zanzibar tangu 2002. Hakuna kozi ya video itakayokurekebishia mkono juu ya nyuzi za udi kama mwalimu aliyekaa mbele yako.

Kuhusu vyeti

Nitakuwa mfupi. Cheti cha kozi fupi ya bure ni ushahidi wa bidii, hakihesabiwi kama sifa ya kujiunga na chuo. Kozi ya wiki 10 ya Oxford, ukiomba isajiliwe na ukafaulu, hukupa alama 10 za kuhesabia masomo (CATS) za mfumo wa Uingereza. Mwaka mmoja wa shahada huko ni alama 120, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Anayehitaji karatasi kwa ajili ya kupandishwa cheo amuulize mwajiri kwanza, kwa maandishi.

Kama ningekuwa wewe

Mwalimu wa Kilifi anayetaka kuimarisha hisabati yake asilipe chochote. MIT iko wazi, daftari ni shilingi chache. Muuguzi wa Dodoma mwenye mapenzi na historia aanze OpenLearn na wenzake wawili wa zamu, aweke akiba kidogo kila mwezi, na baada ya mwaka achukue kozi moja yenye mkufunzi, moja tu, aifanye kwa nguvu zote. Mstaafu wa Muscat anayesoma mashairi kila siku ajiunge ModPo, na akimaliza awakusanye rafiki zake sebuleni wafanye vivyo hivyo na tenzi za kwao, neno kwa neno. Dereva wa Berlin asitafute mbali: Volkshochschule ya mtaani kwake hutoa orodha ya kozi kila muhula, na aende kujiandikisha wiki ya kwanza, maana kozi zinazopendwa hujaa haraka.